Haki Isiyodaiwa: Mkristo na Jirani Yake Garbatulla

Msafiri atokaye mji wa Isiolo kuelekea mashariki, akiupa kisogo Mlima Kenya na mashamba ya Wameru yaliyo kando yake, huingia kidogo kidogo katika nchi ya migunga na mchanga, ambayo maji ndiyo sheria yake ya kwanza. Naye akisha kupita Kula Mawe na kuendelea mbele, hufika Garbatulla, katika malisho ya Waborana wa Waso, ambao aghalabu yao ni Waislamu. Hapo wapo Wakristo pia: walimu waliopelekwa na serikali, wauguzi, askari, makarani, wachuuzi kutoka Meru, na wenyeji wachache walioipokea Injili. Ni jamaa ndogo iliyo katikati ya umma mkubwa wa dini nyingine, na kwa sababu hiyo swali moja ambalo Wakristo wa mijini huweza kulikwepa aushi yao yote, hao wa Garbatulla hulikuta mlangoni kila asubuhi: Mkristo amtangulizeje mwenzake, ilhali mwenzake huyo si wa kanisa lake, wala si wa kabila lake, wala hakumwomba amtangulize?

Mtu akaaye mahali ambapo jirani zake wote husali naye, huimba naye na kuchangiana naye harusi na matanga, huweza kutenda hisani mwaka mzima pasipo kujua kama anatoa au anakopesha, kwa kuwa kila atoacho hurudi kwake kwa njia nyingine kabla ya mwaka kwisha. Kristo alipoulizwa jirani ni nani, alimjibu mwulizaji kwa hadithi ya mtu aliyepigwa na wanyang'anyi katika njia ya kwenda Yeriko, akapitwa na watu wa dini yake mwenyewe, akaja kuokolewa na Msamaria, mtu wa kaumu iliyodharauliwa. Katika hadithi hiyo jirani hakuchaguliwa kwa kufanana. Aliletwa na njia tu. Garbatulla ni mahali pa namna hiyo, ambapo mwalimu wa Kikristo na mchungaji wa ngamia wameletwa pamoja na kazi, na kiangazi, na barabara.

DARAJA TATU ZA KUTOA

Wahubiri wamezoea kuyapima matoleo kwa ukubwa wa mali, na kipimo hicho kina manufaa yake, lakini kinaficha jambo. Kuna kutoa ziada, nako ni kwa kila mwenye moyo usiokufa. Nguo iliyokwisha kuvaliwa, chakula kilichobaki, fedha ambayo kutoka kwake hakumlazi mtu yeyote nyumbani na njaa. Kuna kutoa kile ambacho wewe mwenyewe unakihitaji, kama yule mjane wa Hekaluni aliyetia sandukuni vipande viwili vya fedha ndogo, navyo ndivyo alivyokuwa navyo. Na kuna daraja ya tatu, ambayo haihitaji mali kabisa: kuiacha haki yako kwa hiari yako, pasipo kulazimishwa na mtu, na pasipo kuikana haki yenyewe kuwa ilikuwa yako.

Daraja hii ya tatu ndiyo ngumu kupita zote, kwani atoaye mali hushukuriwa, na jina lake huandikwa katika daftari la harambee, bali aachaye haki yake aghalabu haonekani, na akionekana hudhaniwa ni mjinga au mwoga. Hata hivyo ndiyo iliyo karibu zaidi na asili ya dini ya Kikristo. Paulo, akiwaandikia watu wa Filipi naye yumo kifungoni, aliwasihi kila mmoja amhesabu mwenzake kuwa bora kuliko yeye, na hoja aliyoitegemea ilikuwa Kristo mwenyewe, ambaye kwa imani ya Wakristo alikuwa na cheo cha Kimungu, asikishikilie, akashuka kuwa mtumwa. Na kwa Wakorintho alieleza kwa maneno mengi kuwa mhubiri ana haki ya kulishwa na wale anaowahubiria, kisha akaongeza kuwa yeye haki hiyo hakuitumia; alikuwa fundi wa mahema, akala jasho la mikono yake, ili mtu yeyote asipate kusema kuwa Injili ni biashara.

ZAMU YA MAJI

Mkristo mgeni afikaye Garbatulla akidhani kuwa yeye ndiye wa kwanza kuleta ihsani katika jangwa hilo, ameingia kwa ghururi, na siku chache tu za kukaa karibu na kisima zatosha kumfundisha adabu. Katika desturi za Waborana kisima kina msimamizi wa zamu, aba herega, ambaye kwa amri yake makundi ya ng'ombe, mbuzi na ngamia hufuatana. Na mwenye mifugo huweza kuwa amesimama tangu alfajiri, akisikia mlio wa kiu wa wanyama wake mwenyewe, na maji anayaona, asisogee mpaka aitwe. Wazee wa malisho, wanaoitwa jarsa dedha, huamua ni nyanda zipi zilishwe wakati wa mvua na zipi ziachwe kuwa akiba ya kiangazi, na kila mfugaji anayewatii hulipita jani bichi lililo mbele ya macho yake ili mwaka ukiharibika watu wote wapate pa kukimbilia. Aliyefilisika mifugo kwa ukame, maradhi au uporaji, ukoo wake humchangia wanyama wa kuanzia tena, kwa mpango wa kale uitwao busa gonofa. Na juu ya hayo Uislamu umeweka faradhi ya zaka na hiari ya sadaka.

Desturi hizi zimepita katika tanuri. Hali ya hatari ilipotangazwa katika mkoa wa Kaskazini Mashariki mnamo Desemba 1963, vita vya Shifta vikaanza, Waborana wa Waso walikusanywa katika vijiji vya ulinzi, Garbatulla ikiwamo, wakazuiwa kuhama na mifugo yao. Na katika nchi ambayo uhai wa mnyama umo katika kuhama, mifugo ikafa kwa maelfu, na mingine ikauawa kwa risasi. Mapatano ya Arusha ya 1967 yalipoleta amani, familia nyingi zilizokuwa tajiri zilibaki na mikono mitupu, zikaanza kuishi kwa chakula cha msaada na vibarua. Baadaye kila kizazi kimepata jaribio lake, na la karibuni kabisa lilikuwa misimu mitano ya mvua iliyokosekana mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, ambapo mizoga ya ng'ombe ililala kando ya barabara za kaskazini ya Kenya.

Basi Mkristo hapo hana la kuwafundisha wenyeji wake juu ya kungoja zamu au kumfaa aliyeanguka. Alilo nalo ni deni la kuiishi imani yake mbele ya watu ambao tayari wanajua ukarimu ni nini, na ambao kwa hiyo hawatadanganyika na ukarimu wa bandia.

KISU, FUNGA NA BEI YA MBUZI

Tuyatazame mambo madogo, maana ndiko maisha yaliko. Mkristo wa Garbatulla akitaka kufanya karamu, iwe ya Krismasi au ya kumshukuru Mungu kwa mtoto aliyefaulu mtihani, ana haki kamili ya kuchinja mbuzi wake kwa mkono wake; sheria ya nchi haimkatazi, na dini yake haimwekei sharti la mchinjaji. Lakini akichinja yeye, jirani yake Mwislamu hatakula, atakaa uani na soda mkononi, au atatoa udhuru asije kabisa. Kwa hiyo Wakristo wengi wa nchi hizi, si wa Garbatulla peke yao, wamezoea kumwita Mwislamu achinje, na kisu kikishapita mkononi mwake, sahani ni moja na watu wote ni wa nyumbani. Hakuna aliyebadili dini wala aliyepunguza sala yake. Mmoja ameacha haki, na wote wamepata karamu.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Februari 2013, huko Buseresere katika mkoa wa Geita, Tanzania, ugomvi juu ya nani achinje ulifika hata kumwaga damu, na mchungaji wa kanisa akauawa. Hapo palikuwa na hoja za haki kila upande, na haki ikidaiwa na watu wawili kwa hasira, huweza kuwazika wote wawili. Paulo alilijua tatizo hilo, kwani Wakorintho nao waligombana juu ya nyama iliyouzwa sokoni baada ya kutambikiwa masanamu. Hukumu yake ilikuwa ya ajabu: alisema kwamba nyama haimwongezei mtu chochote mbele ya Mungu, na aliye na elimu hiyo yu huru kula, ila yeye mwenyewe alikuwa radhi kutogusa nyama maisha yake yote kama kula kwake kutamkwaza mwenziwe. Alikubali kuwa haki ni yake, ndipo akaiweka chini.

Mwezi wa Ramadhani huleta mtihani wa namna hiyo kwa siku 29 au 30. Mwalimu Mkristo ana haki ya kunywa chai yake ya saa nne katika chumba cha walimu, na hakuna amwambiaye asinywe. Hata hivyo aliye na dhamiri nyepesi hujitenga na kikombe chake mbali na wenzake waliofunga, na aliye na moyo mkubwa zaidi hujitwalia masomo ya alasiri, wakati ambapo kiu imewakausha wenzake ndimi, au huwasimamia wanafunzi wa bweni jioni ili mwenzake awahi kufuturu na watoto wake. Katika zahanati, muuguzi Mkristo hushika zamu ya usiku wa Idi, na Krismasi ikifika mwenzake Mwislamu huishika zamu yake bila kukumbushwa.

Lipo jingine ambalo halisemwi sana makanisani, nalo labda ni gumu kuliko kisu na chai. Mtumishi wa serikali ana mshahara wa kila mwezi, ilhali mali ya mfugaji hupanda na kushuka na mvua. Kiangazi kikizidi, mbuzi hukonda, soko hujaa wauzaji, bei ya nafaka hupanda wakati ule ule ambapo bei ya mnyama imeanguka, na mwenye fedha taslimu huweza kununua kwa fedha kidogo kundi ambalo mwenzake alilichunga kwa miaka kumi, kisha akangoja mvua, akauza kwa faida. Hiyo ni haki ya soko, hakuna hakimu atakayeihukumu kuwa wizi. Lakini Mkristo asimamaye katika soko hilo, akamtolea mfugaji bei ambayo yeye mwenyewe angeona si dhuluma kama ingalikuwa mbuzi ni wake, amefanya ibada iliyo nzito kuliko nyimbo nyingi za Jumapili. Na asiyeweza kufanya hivyo basi angalau asije Jumapili akashukuru kwa baraka ambazo ni hasara ya jirani yake.

WALIOACHA HAKI ZAO

Nchi hii ya kaskazini imewaona Wakristo waliokwenda katika njia hiyo hadi mwisho wake. Annalena Tonelli, mzaliwa wa Forlì huko Italia, aliyesomea sheria, alikuja Kenya mwaka 1969, akafundisha, kisha akakaa Wajir miongoni mwa Wasomali wahamaji. Hakuwa mtawa, hakuwa wa shirika lolote, wala hakupokea mshahara. Kifua kikuu kilikuwa kikiwamaliza wahamaji, kwa sababu dawa zake zilitaka muda mrefu na mgonjwa hawezi kuacha mifugo yake akalala hospitalini mwaka mzima. Mnamo 1976 akapewa usimamizi wa mradi wa majaribio ulioungwa mkono na Shirika la Afya Duniani, ambao wagonjwa walijenga vibanda vyao wenyewe karibu na kituo, wakaishi humo kwa desturi zao, wakameza dawa kila siku mbele ya mhudumu kwa miezi sita, wakapona. Alikuwa na haki ya kutaka wagonjwa wafuate hospitali jinsi ilivyo. Akaifanya hospitali iwafuate wagonjwa. Alikuwa na haki ya kuhubiri. Akaishi imani yake kimya, katika mji ambao karibu watu wote walikuwa Waislamu. Alipewa tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa mwaka 2003, na tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo akapigwa risasi, akafa, huko Borama katika Somaliland, mahali alipokuwa akiwauguza wagonjwa wa kifua kikuu.

Mjini Isiolo kwenyewe, Askofu Luigi Locati, aliyekuja Kenya katika miaka ya 1960 akiwa padri wa jimbo la Vercelli, alikaa zaidi ya miaka 40, akijenga shule na vituo kwa ajili ya watu wa kila dini, na eneo lake la kitume la Isiolo, lililoundwa 1995, lilijumuisha Garbatulla pia. Umri wa kustaafu ulipompita, alikuwa na haki ya kurudi kwao kupumzika. Alikuwa bado kazini tarehe 14 Julai 2005, karibu atimize miaka 77, alipouawa kwa risasi mjini humo. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Septemba 2006, Sista Leonella Sgorbati wa shirika la Consolata, ambaye kwa miaka mingi aliwafunza wauguzi huko Nkubu, Meru, aliuawa Mogadishu alipokuwa akitoka katika hospitali aliyofunzia wauguzi, naye akafa akitamka msamaha kwa waliompiga. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri mwaka 2018. Hata haki ya kulalamika juu ya kifo chake aliiacha.

Lakini mwenye kuhesabu kwa insafu hataishia kwa Wakristo. Pamoja na Sista Leonella alikufa Mohamed Mahmud, Mwislamu aliyekuwa mlinzi wake, aliyejaribu kumkinga. Na Desemba 2015, basi la kwenda Mandera liliposimamishwa na wauaji karibu na El Wak, wakaamuru Waislamu na Wakristo watengane, Waislamu walikataa, wengine wakawapa wanawake wa Kikristo hijabu za kujisitiri. Mwalimu Salah Farah, mmoja wao, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Aliyepewa fursa ya kuokoka peke yake, akaikataa, amefika katika ile daraja ya tatu kwa njia ya dini yake. Na Mkristo anayemwona huko hana budi kuheshimu na kujifunza.

HAKI ISIYO YAKO

Hapa pana mtego ambao wengi wameanguka ndani yake kwa nia njema. Mtu aweza kuiacha haki yake. Hawezi kuiacha haki ya mtu mwingine, na akifanya hivyo akaiita sadaka, amedhulumu mara mbili. Baba anayemkaribisha kila apitaye mpaka sufuria ikauka, ili asifiwe kanisani kwa ukarimu, ilhali mama wa watoto hulala bila kula, hakutoa chake. Alitoa cha mkewe. Mkuu wa taasisi anayewaambia wafanyakazi wajitolee kama Kristo alivyojitolea, huku mishahara yao imelala miezi mitatu, ametanguliza wengine kwa mgongo wa wengine. Msichana wa kazi anayeambiwa avumilie dhuluma kwa kuwa Mkristo husamehe, hakufundishwa dini, amefungwa kinywa. Sadaka ni ya aitoaye mwenyewe, kwa hiari yake, naye anaielewa thamani yake.

Kwa sababu hiyo Annalena, aliyeacha haki zake karibu zote, hakunyamaza Februari 1984 wakati askari walipowakusanya wanaume wa Kisomali wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wengi mno wakauawa. Alisaidia kuwatafuta waliosalia na kuwazika waliokufa, akaifikisha habari kwa watu wa nje, na mwaka uliofuata akafukuzwa nchini. Haki ya wale waliouawa haikuwa yake kuisamehe au kuinyamazia. Unyenyekevu wa kweli una mipaka iliyo wazi kuliko tunavyodhani: kwa nafsi yako huinama, kwa ajili ya mnyonge husimama, na asiyejua tofauti ya mambo hayo mawili huweza kuwa mpole mbele ya mdhalimu na mkali mbele ya mkewe.

Vivyo hivyo tusiwalaumu walimu waliokimbia. Baada ya mauaji ya abiria wa basi jingine la Mandera, Novemba 2014, walimu wengi wasio wenyeji walikataa kurudi kaskazini, na mwaka 2020, walimu watatu walipouawa Kamuthe katika kaunti ya Garissa, Tume ya Kuajiri Walimu iliwaondoa wengi wengine. Maisha ya mtu ni haki yake, na ya watoto wanaomtegemea pia. Hakuna mhubiri aliye na ruhusa ya kuamuru mwingine aikabili risasi. Abakiye kwa hiari anastahili heshima, aondokaye hastahili shutuma, na serikali, ambayo haina nafsi ya kuitoa sadaka, inawajibika kuwalinda wote wawili pamoja na mtoto wa mfugaji aliyebaki darasani bila mwalimu wa hesabu.

Basi kipimo cha Mkristo wa Garbatulla, na cha Mkristo wa Nairobi au Mombasa, si kigumu kukumbuka. Kabla ya kutoa, na ajiulize: haki hii ninayotaka kuiacha ni ya nani? Ikiwa ni yangu, bei ya mbuzi, kisu, kikombe cha chai, likizo ya sikukuu, neno la mwisho katika mabishano, niiache pasipo tarumbeta, wala nisimdai niliyemwachia shukrani, kwa kuwa deni la shukrani huigeuza hisani kuwa mkopo. Ikiwa ni ya mwingine, sina ruhusa ya kuigusa. Wajibu wangu ni kuilinda, hata kwa kuipoteza yangu. Ajuaye kupambanua hayo mawili na kuyatenda, amekwisha kumtanguliza jirani yake, awe jirani huyo anasali Ijumaa au Jumapili.